MAREHEMU HALALAMIKI

Sehemu ya saba

Hapana, karani hakukosea. Nawajibu kwa pamoja nyote mlioandika wiki nzima kuuliza, na yule bwana aliyeapa kwamba ni kosa la mpiga chapa namsamehe. Karani alisema alichokisema, na alikisema kwa sauti ya chini huku jicho likiwa mlangoni:

"Mama, malalamiko haya tumeshayapokea. Mumeo aliyaleta mwenyewe."

Mumeo. Yule aliyezikwa kwenye jeneza lililopigwa misumari, mbele ya watu, mvua ikinyesha.

Kama ndiyo kwanza unajiunga nasi, sogea upesi upate nafasi. Mama Vifungo ni fundi cherehani wa sare za shule, na jina hilo amepewa na watoto kwa sababu ya kopo lake la vifungo. Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la magodoro. Walimwita Kurunzi, maana tochi haikumtoka mkononi hata jua likiwa utosini. Usiku mmoja ghala likashika moto, na asubuhi, kwenye majivu ya kibanda cha lindo, ukakutwa mwili ambao sura yake ilikuwa imekwenda.

Maji ya msiba hayajapoa, gazeti moja likatoka. Si hili, msomaji, acha kuligeuzageuza. Likaandika kwa herufi kubwa kama matofali: MLINZI MLEVI AJICHOMA NA GHALA. Chini yake picha ya Kurunzi anacheka, chupa mkononi. Ilikuwa chupa ya soda, siku ya harusi ya shemeji yake, lakini mkasi wa gazeti ulipita pale pale penye jina la soda. Kurunzi hajaonja pombe tangu azaliwe. Hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza.

Picha hiyo ilikuwa ukutani kwao. Aliiazima msimamizi wa walinzi asubuhi ya msiba, akisema kampuni inataka kumbukumbu.

Tangu hapo Mama Vifungo hana amani, na sitamlaumu. Magazeti ya zamani, kama ujuavyo, huuzwa kwa uzito madukani yakafungiwe bidhaa. Akinunua sabuni, mumewe yupo. Akinunua misumari, mumewe yupo, anacheka, na neno MLEVI limemkalia kichwani kama kofia. Mara ya kwanza alikaa chini pale pale dukani. Baadaye alizoea kuifungua karatasi taratibu, akainyoosha kwa kiganja, akaitia chini ya godoro. Uso wa mume hautupwi jalalani, na kichwa cha habari kama kile hakitundikwi ukutani. Basi analala juu ya nyuso zote hizo zinazocheka, na alfajiri huhisi kwamba kitanda kinamsikiliza.

Lakini hayo angeyavumilia. Kilichomtoa nyumbani ni binti yake. Binti ana mtihani wa mwisho mwaka huu, na shule inataka majina kamili, lako na la baba. Mtoto aliiambia meza nzima, macho makavu, kwamba la baba hatalitumia. Ataandika la babu mzaa mama. "Cheti nitakaa nacho mpaka nizeeke," alisema. "Sitaki kila nikikifungua nisome mlevi." Mwalimu amempa mpaka leo jioni.

Kwa hiyo leo ndiyo leo. Baraza la malalamiko ya magazeti likiamuru lile gazeti liombe radhi, jina linabaki. Likikataa, binti anaandika la babu, na Kurunzi anazikwa mara ya pili, safari hii na mwanawe.

Turudi kwa karani. Tumemwacha amesimama na miwani yake iliyoungwa kwa gundi.

Mama Vifungo alimwambia, kwa adabu zote, kwamba utani wa aina hiyo haufai kwa mfiwa. Karani akamvuta hadi nyuma ya kabati la mafaili. Akaeleza kwamba wiki iliyopita alikuja mtu mrefu, shingo imezungushwa kitambaa mpaka puani, akaweka kaunta karatasi ya gazeti yenye madoa ya mafuta. Alikuwa amefungiwa mkate, huko alikokuwa. Akasema huyu pichani ni mimi, nimekuja kulalamika.

"Na wewe ukaona sawa?" Mama Vifungo aliuliza. "Gazeti limesema amekufa."

Karani alijibu kwamba lile gazeti limeshaua wengi walio hai, akadhani ni kawaida yake. Hata akamshauri mgeni aanze na hilo la kifo, maana ndilo kubwa.

"Akakataa," karani alisema. "Akaniambia, 'Marehemu niiteni, sawa. Mlevi, hapana.'"

Msomaji, kuna watu wanaweza kuvumilia kufa lakini kusingiziwa kukawashinda. Mama Vifungo aliishi na mmoja. Hata hivyo alijikaza. Akasema matapeli ni wengi mjini, kila mtu anaweza kufunga kitambaa puani.

"Alipofika mlangoni akarudi," karani aliendelea. "Akaniuliza kama Bosi wake ameshafika hapa. Nikamuuliza bosi gani. Akasema ataingia ana sindano kwenye kola."

Mkono wa Mama Vifungo ulipanda wenyewe kolani. Sindano ilikuwepo, na uzi wake mweupe. Na Bosi ni jina ambalo halikuwahi kutoka nje ya chumba chao. Aliitwa hivyo chakula kikichelewa, na aliitwa hivyo taa ikizimwa. Hata binti halijui.

Ningependa kuwaambia alifurahi. Hakufurahi. Kwanza alishikwa na hofu, ya kweli. Halafu ikaja hasira: yeye amelia mpaka sauti imekatika, na mtu yuko mahali ananunua mkate. Furaha ilikuja ya mwisho, ikachungulia tu na kurudi ndani, kwa sababu nyuma yake palikuwa na swali limesimama.

Kama Kurunzi yu hai, aliyezikwa ni nani?

Kila Jumapili amekwenda kwenye kaburi lile. Amekaa pembeni yake, amesimulia habari za binti, za kodi, za kitanda kilivyo kipana siku hizi. Mengine siwezi kuyaandika gazetini. Na kila mara, akiwa katikati ya maneno, alihisi jambo ambalo hakumwambia mtu: kwamba aliyelala mle anamsikiliza kwa heshima tu, kama abiria anayesimuliwa maisha ya mtu asiyemjua. Alidhani ni majonzi yanamchezea. Kumbe hayakuwa majonzi. Siri zake zote amemwambia mwanamume mgeni.

Karani hakuwa amemaliza. Alisema mgeni yule alimwomba asitangaze, kwa kuwa yupo mtu ambaye kifo cha Kurunzi kinampa usingizi mzuri. Mgeni aliona kitu usiku ule wa moto. Jina hakulitaja. Aliahidi kufika mwenyewe siku ya kikao, na siku ya kikao ni leo: malalamiko ya mke yatasikilizwa asubuhi, ya mume mchana. Karani alipoyaona mafaili mawili ya mtu mmoja, la pili lina cheti cha kifo, alishindwa kula. Mwenyekiti alikuwa bado hajaambiwa. Alikuwa ndani, kikaoni, na hawezi kuingiliwa.

"Kaa kwenye benchi," karani alisema. "Usiseme na mtu mpaka nimpate."

Mama Vifungo alirudi kwenye benchi la korido akiwa anazishika kuta. Pale palikuwa na mwanamke waliyekuwa wamekaa naye tangu asubuhi, dobi wa hospitali, mikono imechubuka kwa sabuni. Walikuwa wameshapiga soga za kungoja, zile za kulisema vibaya lile gazeti, lakini hawakuwa wameulizana habari za ndani. Dobi alimwona alivyorudi, akasogea ampishe, akampa chupa yake ya maji. Akamuuliza kama wamemkatalia.

Mama Vifungo akasema bado. Akaongeza, kwa kuwa alilazimika kusema kitu, kwamba malalamiko yake ni ya mume aliyezikwa.

"Heri yako wewe una kaburi," dobi alisema. Hakulisema kwa ubaya. "Mimi nina mlango. Ukigongwa tu, moyo unasema ni yeye. Hata paka akipita."

Akaeleza kisa chake. Mume wake naye ameandikwa na gazeti lile lile: kwamba ametoroka na mke wa mtu na polisi wanamtafuta. Habari ndogo, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mabati. Lakini kwenye nyua za watu habari ndogo ndiyo inayosomwa kwa sauti. Mama mkwe amemwambia bila shaka alimshinda mwanawe kwa mdomo. Dobi anataka gazeti liseme halijui. Hataki zaidi. Liseme tu kwamba halijui alipo, kama yeye asivyojua.

"Ni mtu wa kucheka," alisema. "Hata jina lake la kazini wanamwita Mzaha. Mtu wa namna hiyo hatoroki, atakuwa na nani wa kumchekesha?"

Mama Vifungo akaiweka chini chupa ya maji.

Alimjua Mzaha. Sura yake hakuwahi kuiona, kwa sababu wanaume wale wawili walilinda geti moja kwa kupokezana, huyu akitoka huyu anaingia, na wake zao walikaa pande mbili za mji. Lakini vichekesho vyake vyote alivijua. Kurunzi alivileta nyumbani kila asubuhi, akavisimulia vibaya, akacheka kabla ya mwisho.

Akauliza, akijisikia anauliza kwa mdomo wa mtu mwingine, huyo Mzaha alitoweka lini.

Dobi alitazama huku na huku. Korido ilikuwa tupu, na sakafu inanukia nta.

"Nikwambie kitu sijamwambia mtu," alisema. "Usiku ule ghala la magodoro lilipoungua haikuwa zamu yake. Lakini alikwenda. Mwenzake alikuwa na homa, akamtumia ujumbe aje ampokee usiku wa manane. Kampuni ikijua umepokea zamu bila kuandikwa, wanakufukuza siku hiyo hiyo, wote wawili. Asubuhi nikaona hakurudi. Msimamizi akaja kuuliza, nikasema alilala hapa, katoka alfajiri. Nikawaza akirudi akute kazi yake ipo."

Akasugua vidole.

"Namtunzia kazi," alisema.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Mama Vifungo alipoelewa yote kwa mpigo, na alitamani asielewe.

Homa aliikumbuka. Alimwekea Kurunzi kiganja usoni jioni ile akamsihi asiende. Naye akasema atapata wa kumsaidia, akaondoka na tochi yake.

Na koti alilikumbuka. Kampuni haikuwapa walinzi makoti. Ililipatia geti koti. Moja tu, zito, la baridi. Anayetoka analivua, anamvisha anayeingia, limejaa joto la mwenzake. Mwaka jana kifungo cha kifuani kilikatika, Kurunzi akalileta nyumbani mara moja, na yeye akachagua kwenye kopo lake kifungo kikubwa cha shaba, akakishona kwa uzi wa turubai. Alikionea fahari.

Polisi walipomwita kutambua, hawakumwonyesha mtu. Walimwonyesha kisahani chenye kifungo cha shaba, cheusi kwa moshi. Waliuliza, unakitambua? Akasema, ni changu, nilikishona kwa mikono yangu. Lilikuwa jibu la kweli kabisa. Polisi akaandika kwamba mke ameutambua mwili, na Msimamizi akashuhudia kwamba ubao wa zamu unasema Kurunzi. Jeneza likapigwa misumari kwa heshima ya marehemu, na misumari aliinunua Msimamizi.

Alikuwa amemzika mume wa mwanamke huyu. Mwanamke mwenyewe yuko hapa ubavuni mwake, amempa maji, na anamtunzia mumewe kazi.

Alifungua mdomo. Naapa alifungua mdomo amwambie. Lakini unaanzaje? Neno gani linatangulia? Angesema pole, dobi angeuliza pole ya nini. Angesema mume wako amepatikana, angemrusha juu ili amwangushe. Kabla hajachagua neno mlango ukafunguliwa, likaitwa shauri lake.

Dobi akasimama naye. Shauri lake ndilo lililofuata, akataka kuingia aone watu wanavyosema huko ndani.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, na feni iliyozunguka bila kupunguza joto. Mwenyekiti wa baraza alikuwa bibi mwenye mvi, jaji mstaafu, mtu wa maneno machache. Karani alipenya na kipande cha karatasi akakiweka mbele yake. Mwenyekiti akakifunika kwa kiganja bila kukisoma, kama afanyavyo kwa kila karatasi inayokuja mtu akishaanza kuapishwa. Basi Mama Vifungo akaapa kusema kweli, akaketi, na dobi akaketi nyuma yake.

Kwenye kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Msimamizi. Alikuwa ameletwa na lile gazeti awe shahidi wake. Alimwinamia Mama Vifungo kwa upole, akamwita shemeji, akampa pole nyingine. Pole zake alizigawa bila uchoyo.

Wakili wa gazeti alikuwa kijana nadhifu, na niwe mkweli, hakuwa na kelele. Alisema anamheshimu mama huyu na anaelewa uchungu wake. Lakini kanuni za baraza ziko wazi: analalamika yule aliyeumizwa. Habari ile haikumtaja mke wala mtoto. Ilimtaja mtu mmoja, na mtu huyo hayupo.

"Marehemu halalamiki, Mheshimiwa," alisema. "Heshima ya mtu huzikwa pamoja naye."

Akaomba shauri lifutwe. Hata hivyo, ili mama asiondoke akidhani gazeti lilitunga, alikuwa na shahidi.

Msimamizi akasimama. Akasema inamuuma kusema vibaya juu ya mtu aliyembeba begani kwenda makaburini. Lakini kweli ni kweli. Pombe alikuwa akiisikia kwa Kurunzi kila jioni. Alimwonya mara nyingi. Alimfichia kwa huruma, sababu ana familia.

"Mwongo huyo," dobi alinong'ona nyuma. "Ndiye aliyesema wangu katoroka."

Mama Vifungo alimtazama Msimamizi, na kwa mara ya kwanza alimtazama kama mtu anayeuliza bei. Nani alikuja kuchukua picha ukutani? Nani alikataza jeneza lisifunguliwe? Nani alikwenda kwa dobi asubuhi ile ile, majivu hayajapoa, kuuliza kama Mzaha yuko nyumbani? Mtu mwenye ubao unaosema zamu ni ya Kurunzi anamtafutia nini Mzaha?

Akajua ni usingizi wa nani huo unaopendeza.

Mwenyekiti alishusha pumzi. Alisema kanuni ile haimfurahishi, aliwahi kuandika ibadilishwe, lakini haijabadilishwa, na baraza haliwezi kuamua kwa huruma. Anauliza swali moja tu ili aandike uamuzi wake.

"Mama, umeapa. Mtu aliyeandikwa na gazeti hili amekufa?"

Hebu wewe msomaji kaa kwenye kiti kile kidogo.

Akisema amekufa, shauri limefutwa, amedanganya kwa kiapo, na jioni binti yake anaandika jina la babu. Msimamizi atarudi nyumbani akalale. Dobi atarudi kwenye mlango wake, na kwenye kazi anayoitunza, leo na kesho na miaka ijayo, akiruka kila paka akipita.

Akisema yu hai, amemtaja mumewe mbele ya mtu asiyetaka awe hai. Na atakuwa amemfanya mjane mwanamke aliyekaa nyuma yake, hadharani, bila kumshika mkono kwanza.

"Nilizika mtu," alisema.

"Sijakuuliza hilo," Mwenyekiti alijibu, si kwa ukali.

Wakili akakumbusha kwa upole kwamba cheti cha kifo kimeletwa na mlalamikaji mwenyewe. Akakiinua kila mtu akione. Mama Vifungo akaliona jina la mumewe limeandikwa vizuri kwa wino mweusi, na saini yake mwenyewe chini. Alihisi kana kwamba mtu aliye chini ya udongo, yule msikilizaji mwenye adabu, amesogea kidogo akatega sikio. Amemsikiliza Jumapili zote hizo. Hakuwahi kumkatiza hata mara moja. Sasa ilikuwa zamu yake kutajwa.

"Mume wangu yu hai," alisema.

Wakili alianza kutabasamu, akaacha njiani. Mwenyekiti akaondoa kiganja juu ya kile kikaratasi cha karani, akakisoma, akakisoma tena, na alipoinua uso haukuwa uso ule.

"Sema yote," aliamuru.

"Yu hai, na hajawahi kunywa pombe. Aliyekufa kwenye kibanda siye yeye. Mimi nilitambua kifungo cha koti, sikutambua mtu. Na koti lile ni la geti. Usiku ule mume wangu alikuwa na homa, akapokelewa, na aliyempokea ndiye aliyelivaa."

Hakutaja jina. Hakuwa na haja. Alisikia nyuma yake pumzi ikiingia na haitoki.

Kiti cha nyuma kabisa kikakwaruza sakafu. Msimamizi alikuwa amesimama, simu sikioni, simu ambayo haikulia. Akainamisha kichwa kuomba radhi, kama mtu aliyeitwa kwa dharura, akafungua mlango, akatoka. Viatu vyake vilisikika vikishuka ngazi, pole pole kwanza, kisha mbio.

Ngazi ni moja katika jengo lile. Ndiyo hiyo aliyopanda Mama Vifungo asubuhi, na ndiyo atakayoipanda mchana huu mtu mrefu mwenye kitambaa puani, ambaye hajui kwamba siri yake imetoka kinywani mwa mkewe.

Mama Vifungo aliruka kutoka kitini. Karani alishaona, alikuwa anamfungulia mlango, anampungia mkono awahi. Hatua chache tu na angekuwa koridoni.

Mkono ukamshika kifundo cha mkono. Mkono mkavu, uliochubuka kwa sabuni, na ulimshika kwa nguvu ambayo hakutegemea. Dobi hakuwa amesimama. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama kutoka chini, kwa makini, kama anayetaka kuhakikisha anasikika vizuri na hatalazimika kuuliza mara ya pili.

"Dada," alisema, "mlimzika vizuri?"